Kutoka Antinyutrino za Jua hadi Ukomo wa Maada Nyeusi Nyepesi: Mwongozo kwa Wanafunzi wa Fizikia wa Unguja na Pemba

Mwongozo huu umeandikwa kwa wanafunzi wa fizikia waliokwishamaliza mwaka wa kwanza wa chuo, na kwa walimu wa sekondari wa Unguja na Pemba wanaotaka kufanya hesabu halisi ya fizikia ya chembe bila ya kusubiri siku tutakapokuwa na kigunduzi chetu wenyewe. Kazi yenyewe ni kuchukua ripoti ya watafiti waliotafuta antinyutrino (antichembe za nyutrino, ambazo ni chembe nyepesi mno zisizo na chaji) kutoka kwenye Jua wakaambulia patupu, kisha kukokotoa, kutokana na kukosa kwao huko, ukomo wa juu wa kiwango ambacho chembe nyepesi za maada nyeusi, yaani maada isiyoonekana inayojulikana kwa mvutano wake tu, zinaweza kuangamizana ndani ya galaksi yetu. Kazi hii haihitaji maabara. Inahitaji ripoti moja inayopatikana bure kwenye hifadhi ya arXiv, ambayo ni faili dogo lisilomaliza bando, kikokotoo cha kisayansi au lahajedwali, na daftari ambalo kila namba itaandikwa pamoja na kipimo chake.

Nalisisitiza daftari kwa sababu katika hesabu hii fizikia yenyewe si ngumu kama inavyodhaniwa. Kinachowaangusha watu ni vipimo. Umbali hutolewa kwa kiloparseki, msongamano kwa GeV, tungamo kwa MeV (MeV ni elektronivolti milioni moja, na GeV ni MeV 1000), na jawabu hutakiwa kwa sentimita na sekunde. Anayeandika namba peke yake bila ya kipimo atapata jawabu lililokosea mara milioni na hatajua kosa limeingilia wapi.

Hatua ya kwanza: elewa kwa nini ripoti ya Jua inasema habari za mambo mengine

Jua hutoa nyutrino za aina ya elektroni kwa wingi mkubwa. Takribani bilioni 65 hupita kila sekunde katika kila sentimita ya mraba, mchana na usiku, Chake Chake kama ilivyo Tokyo. Raymond Davis na wenzake walianza kuzihesabu mwishoni mwa miaka ya 1960 katika mgodi wa Homestake nchini Marekani wakapata kama theluthi moja tu ya zilizotarajiwa, na baadaye, mwaka 2001 na 2002, kigunduzi cha SNO nchini Kanada kikathibitisha kwamba zilizokosekana hazikupotea bali zilikuwa zimegeuka aina nyengine njiani. Lakini zote hizo ni nyutrino, si antinyutrino. Muunganiko wa nyuklia ndani ya Jua hugeuza protoni kuwa nyutroni, na kila protoni inapogeuka hivyo hutoka nyutrino ya elektroni, mara nyingi pamoja na positroni (antichembe ya elektroni). Kwa nishati tutakazozishughulikia hapa, yaani MeV 8 na kuendelea, fizikia tunayoijua haitarajii antinyutrino hata moja inayofaa kuhesabiwa kutoka kwenye Jua.

Ndiyo maana watafiti walizitafuta. Kama nyutrino ingekuwa na momenti kubwa ya sumaku, uga wa sumaku wa Jua ungeweza kusaidia kuigeuza kuwa antinyutrino, na kuiona moja ingekuwa habari kubwa. Kundi la KamLAND, ambalo kigunduzi chake ni tani 1000 za kioevu kinachotoa mwanga kila kinapopitiwa na chembe yenye chaji, ndani ya mgodi wa Kamioka nchini Japani, lilitangaza mwaka 2004 kwamba halikupata tukio hata moja kati ya MeV 8.3 na MeV 14.8.

Hapo ndipo mwanafunzi mmoja wa Wete aliponiuliza, tukiwa ubaoni baada ya alasiri, "Maalim, mbona ripoti inataja Jua na sisi tunahesabu galaksi?" Nilimjibu, "Mwanangu, kigunduzi hakiulizi antinyutrino imetoka wapi." Na jibu hilo ni la kifizikia. Katika mmenyuko unaotumika kuzikamata, positroni hutawanyika karibu sawa pande zote, kwa hiyo kigunduzi cha aina hii hupima nishati kwa usahihi lakini hakijui mwelekeo. Mvuvi anayetega dema akitaka changu, akilikuta tupu, hajajua habari za changu peke yake; amejua habari za kila samaki wa ukubwa ule ambaye angeweza kuingia asiweze kutoka. Waandishi wa ripoti ya 2004 walilisema jambo hili waziwazi: matokeo yao ni ukomo wa antinyutrino za asili yoyote ile, na dhana kwamba zimetoka kwenye Jua huingia baadaye tu, pale wanapoamua umbo la mgawanyo wa nishati zake.

Kuna jambo moja la kulikata mapema. Wapo wanaodhani kwamba tunatafuta maada nyeusi iliyonaswa ndani ya Jua. Njia hiyo ipo, na hutumika kwa chembe nzito, lakini kwa chembe nyepesi haifai: chembe yenye tungamo chini ya takribani GeV 4, hata ikinaswa, hugongwa na viini vya moto vya ndani ya Jua hadi ikapata mwendo wa kutoroka. Kwa tungamo la MeV kumi au ishirini Jua halibakishi kitu. Tunachokihesabu ni maangamizano yanayotokea katika wingu la maada nyeusi linaloizunguka Njia Nyeupe yote, yaani galaksi yetu, sisi tukiwamo ndani yake.

Hatua ya pili: chagua chembe unayoipima

Andika juu ya ukurasa dhana zako kabla ya kugusa kikokotoo. Dhana ya kwanza ni kwamba chembe mbili za maada nyeusi zikikutana huangamizana na kuzaa nyutrino moja na antinyutrino moja. Ya pili ni kwamba chembe hizo zinakwenda polepole ndani ya galaksi, kwa mwendo wa elfu moja ya mwendo wa mwanga hivi, kwa hiyo nishati yote inatokana na tungamo, na kila antinyutrino hutoka na nishati iliyo sawa na tungamo la chembe iliyoizaa. Chembe ya MeV 12 inazaa antinyutrino ya MeV 12. Uzuri wa njia hii umo hapo, kwa sababu ishara unayoitafuta si mlima mpana bali ni mstari mmoja mwembamba katika mgawanyo wa nishati.

Kwa nini chembe nyepesi hivyo? Mwaka 1977 Benjamin Lee na Steven Weinberg walionesha kwamba chembe inayoingiliana kwa nguvu dhaifu ya kawaida inapaswa kuwa na tungamo la GeV mbili hivi au zaidi, la sivyo ingebakia nyingi mno tangu mwanzo wa ulimwengu. Chembe ya MeV kumi inahitaji kani nyengine ya kuipunguza, na hilo linawezekana kinadharia. Ikiwa kani hiyo inaiunganisha zaidi na nyutrino, vigunduzi vya kawaida vya maada nyeusi, ambavyo husubiri kiini kigongwe, haviwezi kuiona, kwa sababu mgongano wa chembe nyepesi hausukumi kiini kizito vya kutosha. Hapo vigunduzi vya nyutrino ndivyo vinavyobaki na la kusema.

Usiteremke chini mno. Chembe ya namna hii yenye tungamo la MeV chache tu ingebadilisha joto la nyutrino katika ulimwengu mchanga, na vipimo vya mionzi ya usuli ya ulimwengu pamoja na wingi wa heli vinaipinga. Kwa ripoti ya 2004 tungamo la kufanyia kazi linajichagua lenyewe: kati ya MeV 8.3 na 14.8. Tutaanza na MeV 12.

Hatua ya tatu: soma ripoti ukitafuta namba nne tu

Kabla ya namba, elewa tukio linavyotambuliwa. Antinyutrino ya elektroni hugonga protoni ya hidrojeni iliyomo ndani ya kioevu, protoni ikageuka nyutroni na positroni ikatoka. Positroni hutoa mwanga papo hapo. Nyutroni huzurura kwa muda wa mikrosekunde mia mbili hivi kisha hukamatwa na protoni nyengine, na kukamatwa huko hutoa mwale wa gama wa MeV 2.2. Miali miwili ya mwanga, wa pili ukiwa na nishati inayojulikana, ikikaribiana kwa muda na kwa mahali, ni alama ambayo nyutrino za kawaida za Jua haziwezi kuiiga. Kwa ajili hii kigunduzi kinachozungukwa na nyutrino mabilioni kinaweza kukaa siku nyingi bila ya tukio moja la kumdanganya mtu. Nishati inayoonekana katika mwale wa kwanza ni pungufu ya nishati ya antinyutrino kwa MeV 0.8 hivi, kwa hiyo chembe yetu ya MeV 12 ingeonekana kwenye MeV 11.2.

Namba nne ni hizi. Ya kwanza ni wigo wa nishati, ambao tumeshautaja. Ya pili ni kiasi cha kazi iliyofanywa na kigunduzi, yaani tungamo la kioevu likizidishwa na muda: katika ripoti ya 2004 ni kilotani-mwaka 0.28. Ya tatu ni idadi ya matukio yaliyoonekana, ambayo ni sifuri. Ya nne ni usuli uliotarajiwa, yaani matukio ya kuiga yanayotoka kwenye vyanzo vyengine, ambao ni 1.1 kujumlisha au kutoa 0.4.

Usuli unastahili kusomwa kwa makini ingawa matukio ni sifuri. Kizingiti cha MeV 8.3 hakikuchaguliwa kwa bahati: vinu vya nyuklia vya Japani hutoa antinyutrino nyingi sana, na sehemu kubwa ya hizo huishia chini ya nishati hiyo. Antinyutrino zitokazo ndani ya ardhi huishia chini zaidi, kama kwenye MeV 3.3. Kinachobaki juu ya kizingiti ni mabaki machache ya vinu, pamoja na lithi-9 inayozaliwa myuoni za angani zinapopasua kaboni ya kioevu, ambayo ina nusu-maisha ya milisekunde 178 na hutoa elektroni pamoja na nyutroni, jozi inayofanana mno na ile tunayoitafuta. Uwezekano wa kuona sifuri wakati unatarajia 1.1 ni karibu theluthi moja, kwa hiyo sifuri hiyo si ya ajabu wala si ya kutiliwa shaka.

Hatua ya nne: kokotoa mtiririko

Hii ndiyo hatua yenye kazi kubwa. Mtiririko wa antinyutrino za elektroni unaotoka pande zote za galaksi ni:

Mtiririko = (⟨σv⟩ ÷ 2) × J × R × (ρ ÷ m)² × (1 ÷ 3)

Alama ⟨σv⟩ ni kiwango cha kuangamizana, yaani wastani wa eneo la mgongano likizidishwa na mwendo. Ndiyo tunayoitafuta, lakini kwa sasa tunaweka kiwango cha rejea cha 3 × 10⁻²⁶ sentimita za ujazo kwa sekunde, ambacho kwa takribani ndicho kinachoacha kiasi cha maada nyeusi kinachoonekana leo. Nusu inatokana na kutohesabu jozi moja mara mbili, na inafaa ikiwa chembe ni antichembe ya nafsi yake. Ikiwa chembe na antichembe ni tofauti, nusu inakuwa robo. Theluthi inatokana na aina tatu za antinyutrino, kwani kigunduzi hiki hukamata ya elektroni peke yake. Hata kama zote zilizaliwa za aina moja, safari ndefu huzichanganya, na ingawa mgawo hautakuwa sawa kabisa, theluthi ni kadirio linalokubalika.

R ni umbali kutoka kwetu hadi kitovu cha galaksi, kiloparseki 8.5 katika hesabu nyingi za aina hii. Kiloparseki moja ni sentimita 3.086 × 10²¹, kwa hiyo R ni sentimita 2.62 × 10²². ρ ni msongamano wa maada nyeusi karibu na Jua, GeV 0.3 kwa sentimita ya ujazo, yaani MeV 300. Geuza hapa hapa, usisubiri. J ni namba tupu isiyo na kipimo inayobeba umbo la wingu lote: maada nyeusi inajazana zaidi kwenye kitovu, na kwa kuwa maangamizano yanafuata mraba wa msongamano, kitovu kinachangia kuliko sehemu yake. Wengi hutumia 5, nasi tutatumia hiyo hiyo.

Sasa weka tungamo la chembe, m = MeV 12. Uwiano ρ ÷ m ni 25 kwa sentimita ya ujazo, na hiyo ndiyo idadi ya chembe katika kila sentimita ya ujazo hapa tulipo; mraba wake ni 625. Kuzidisha 1.5 × 10⁻²⁶ kwa 5 kwa 2.62 × 10²² kunatoa 1.97 × 10⁻³. Zidisha kwa 625, gawa kwa 3, unapata 0.41 kwa sentimita ya mraba kwa sekunde.

Simama kidogo uiangalie namba hiyo. Jua linatupitishia bilioni 65, na maada nyeusi, ikiwa ni ya namna hii, ingetupitishia chini ya moja. Kinachofanya utafutaji uwezekane ni kwamba hiyo moja ni antinyutrino, na kwamba iko mahali ambapo Jua halitoi antinyutrino.

Hatua ya tano: geuza mtiririko kuwa matukio

Unahitaji eneo la mgongano kati ya antinyutrino na protoni. Kanuni ya haraka ni 9.5 × 10⁻⁴⁴ sentimita za mraba ikizidishwa na nishati ya positroni na kwa momenta yake, vyote kwa MeV. Nishati ya positroni ni nishati ya antinyutrino ukitoa 1.29. Kwa MeV 12 kanuni inatoa 1.09 × 10⁻⁴¹, na masahihisho yanayotokana na protoni kurudi nyuma inapogongwa huishusha hadi 1.01 × 10⁻⁴¹. Kwa MeV 20 kanuni ya haraka hutoa 3.3 × 10⁻⁴¹ badala ya 2.9 × 10⁻⁴¹, kosa la zaidi ya asilimia 10, kwa hiyo ukipanda juu tumia jedwali lililosahihishwa.

Idadi ya protoni huru katika kilotani moja ya kioevu unaweza kuikadiria mwenyewe. Kioevu cha aina hii ni kama mlolongo wa CH₂: gramu 14 zina moli mbili za hidrojeni, kwa hiyo gramu bilioni moja zina protoni 8.6 × 10³¹. Mwaka una sekunde 3.16 × 10⁷. Zidisha vyote: 0.41 × 1.01 × 10⁻⁴¹ × 8.6 × 10³¹ × 3.16 × 10⁷. Jawabu ni tukio 0.011 kwa kilotani-mwaka, na kwa kilotani-mwaka 0.28 ni 0.0031. Punguza kwa ufanisi wa kigunduzi, ambao kwa mazoezi haya nauchukua kuwa 0.9, na inabaki 0.0028.

Hatua ya sita: kutoka sifuri hadi ukomo

Matukio yakifuata mgawanyo wa Poisson, wastani ambao ungetoa sifuri kwa uwezekano wa asilimia 10 ni 2.30, kwa sababu e⁻²·³⁰ ni 0.10. Wastani wowote ulio mkubwa kuliko huo umekataliwa kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 90. Gawa 2.30 kwa 0.0028 unapata 813, ukibakisha tarakimu zote kwenye kikokotoo. Ukomo wako ni mara 813 ya kiwango cha rejea, yaani ⟨σv⟩ haiwezi kuzidi 2.4 × 10⁻²³ sentimita za ujazo kwa sekunde kwa chembe ya MeV 12.

Utaona hatukutumia usuli wa 1.1. Njia ya kitakwimu ya Feldman na Cousins ya mwaka 1998 ingeutumia, na kwa sifuri iliyoonekana dhidi ya usuli wa 1.0 ingetoa 1.61 badala ya 2.30, yaani ukomo mkali zaidi. Njia hiyo ni halali na watafiti wanaitumia. Hata hivyo namshauri anayeanza abaki na 2.30, kwa sababu ukomo unaokaza kwa sababu usuli ulishuka kwa bahati ni mgumu kuutetea mbele ya watu, na kazi ya kwanza ya mtu ni vyema isimame bila ya msaada wa bahati.

Hatua ya saba: rudia kwa tungamo nyengine, uone mstari ulivyolala

Fanya hesabu ile ile kwa MeV 9 na MeV 14. Kwa MeV 9 mtiririko wa rejea ni 0.73 na eneo la mgongano ni 5.35 × 10⁻⁴². Ukomo ni 2.6 × 10⁻²³. Kwa MeV 14 mtiririko ni 0.30 na eneo ni 1.40 × 10⁻⁴¹. Ukomo ni 2.4 × 10⁻²³. Karibu hakuna mabadiliko, na sababu yake inafurahisha: tungamo likiongezeka, chembe zinapungua na mtiririko unashuka kwa mraba wa tungamo, lakini antinyutrino zinakuwa na nishati zaidi na eneo la mgongano linapanda kwa takribani mraba huo huo. Viwili vinafutana. Mwanafunzi anayepata mstari unaopanda au kushuka kwa kasi ndani ya wigo huu arudi kwenye hatua ya nne, kwani mara nyingi amesahau kupandisha m kwenye mraba.

Hapa pia ndipo pa kueleza mtego ambao nimeuona katika kazi nyingi. Ripoti inatoa ukomo wa mtiririko wa 370 kwa sentimita ya mraba kwa sekunde, na inashawishi kuichukua namba hiyo moja kwa moja na kuigawa kwa mtiririko wa maada nyeusi. Usifanye hivyo. Hiyo 370 imekokotolewa kwa kudhani kwamba antinyutrino zina mgawanyo wa nishati wa nyutrino zinazotoka kwenye boroni-8 ndani ya Jua, ambao ndani ya wigo huu umeelemea kwenye nishati za chini, mahali ambapo eneo la mgongano ni dogo. Kwa mstari mmoja wa nishati, ukomo wa mtiririko hutegemea mstari uko wapi: kwa hesabu yetu ni takribani 630 kwenye MeV 9, 330 kwenye MeV 12, na 240 kwenye MeV 14. Anayetumia 370 kila mahali anakuwa mkali kupita haki kwenye nishati za chini na mlegevu kwenye za juu.

Hatua ya nane: linganisha, kisha eleza shaka zako

Ukomo wako una mlinganisho uliochapishwa. Mwaka 2012 kundi la KamLAND lilitoa uchambuzi wa kilotani-mwaka 4.53, kutoka MeV 8.3 hadi 31.8, na safari hii wenyewe waliandika ukomo wa maangamizano ya maada nyeusi, wa daraja la 10⁻²⁴. Chukua 2.4 × 10⁻²³, izidishe kwa 0.28, igawe kwa 4.53: unapata 1.5 × 10⁻²⁴. Daraja ni lile lile, ingawa wao hawakuwa na sifuri na walishughulika na usuli kwa njia pana zaidi. Mapema zaidi, mwaka 2008, Sergio Palomares-Ruiz na Silvia Pascoli walifanya kazi ya namna hii kwa kutumia ripoti ya Super-Kamiokande, kigunduzi cha tani 50,000 za maji, ambayo ilikuwa imetafuta antinyutrino za nyota zilizolipuka zamani. Ni somo zuri kwa anayetaka kuendelea na tungamo kubwa zaidi, lakini ajue kwamba maji hayakuwa yakiiona nyutroni vizuri hadi gadolini, metali inayokamata nyutroni kwa urahisi, ilipoanza kutiwa mwaka 2020.

Shaka kubwa haimo kwenye kigunduzi, imo kwenye galaksi. Ukichukua ρ kuwa GeV 0.4 badala ya 0.3, mtiririko unapanda mara 1.78 na ukomo unakaza kwa kiasi hicho hicho, bila ya mtu yeyote kuona tukio moja zaidi. J nayo hutegemea umbo lililochaguliwa la wingu la maada nyeusi, na lililo gumu kulijua ni kile kinachotokea karibu kabisa na kitovu. Kwa hiyo andika ukomo ukiwa na sharti zake katika sentensi moja: kwa ρ ya 0.3, kwa J ya 5, kwa chembe iliyo antichembe ya nafsi yake, inayoangamizana kuwa nyutrino peke yake na kwa aina zote tatu sawa. Sentensi itakuwa ndefu, na ni afadhali iwe ndefu.

Hatua ya tisa: andaa lahajedwali lako kwa data zijazo

Kigunduzi cha JUNO katika mkoa wa Guangdong nchini China, chenye tani 20,000 za kioevu cha aina hii hii, kilianza kukusanya data mwaka 2025. Kwa kiwango cha rejea, hesabu yetu ya 0.011 kwa kilotani-mwaka inatoa tukio 0.22 kwa mwaka, na 2.2 kwa miaka kumi, kabla ya kutoa ufanisi. Kwa mara ya kwanza kigunduzi cha kioevu cha aina hii kinakaribia kiwango chenyewe cha rejea badala ya kukaa mara makumi au mamia juu yake. Lakini kwa muda mrefu hivyo sifuri haitarajiwi tena, kwani nyutrino za angahewa zinazogonga kaboni na kutoa nyutroni zitaacha matukio ya kuiga hata juu ya nishati za vinu.

Kwa hiyo ongeza safu mbili kwenye lahajedwali sasa hivi, n kwa matukio yaliyoonekana na b kwa usuli uliotarajiwa katika dirisha jembamba linalouzunguka mstari wa nishati. Upana wa dirisha utaupata kutokana na usahihi wa kigunduzi: kwa KamLAND ni takribani asilimia 6 hadi 7 ikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha nishati kwa MeV, yaani kama asilimia 2 kwenye MeV 11. Kisha tafuta s ambayo jumla ya uwezekano wa kuona matukio n au machache zaidi, kwa wastani wa s + b, ni asilimia 10. Kwa mfano wa mazoezi, ikiwa n ni 3 na b ni 3, wastani unaotakiwa ni 6.68, kwa hiyo s ni 3.68, na hiyo ndiyo itakayokaa mahali pa 2.30 katika hatua ya sita.